Upande wa Kushoto

Mukandori aliliona lile pirogi, mtumbwi mdogo wa kasia, mapema, likitoka kwenye ghuba ya Gihaya, mwanamke mmoja akipiga kasia na mzigo wa mihogo umemfunika hadi kifuani.  Mumewe ndiye aliyeshika usukani, uso wake ukitazama mbele, na katika ziwa lote la Kivu Mukandori hakumjua mtu mwenye kupisha chombo cha mwenzake kama Kamali. Akasubiri Kamali asogeze mkono. Hakuusogeza. Tanga lilikuwa limejaa upepo, mashua inakata maji moja kwa moja, na pirogi likazidi kuja, hata Mukandori akaona maua ya kitambaa cha yule mama kichwani na mdomo wake uliobaki wazi.

"Papa Nishimwe! Kushoto!"

Kamali alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Akausukuma usukani kwa mwili mzima, mashua ikalala ubavu, sufuria zikaporomoka huko ndani, na pirogi likapita karibu kiasi kwamba kasia la yule mama liligonga mbao zao.

"Munalala?" yule mama akapiga kelele. "Batu bakubwa munalala pa mayi?"

Kamali akamwinulia mkono wa kuomba radhi, akacheka. "Jua," akamwambia mkewe. "Jua imenipiga mu macho."

Mukandori akatazama juu. Tangu asubuhi mbingu ilikuwa mawingu matupu.

 Aliingia ndani akaokota sufuria moja moja, akafuta uji uliomwagika juu ya cherehani.

Walikuwa wameishi ndani ya mashua ile tangu binti yao wa pekee, Nishimwe, aolewe na kuhamia Mururu. Watu wa Kamembe, mji wao wa kando ya ziwa, waliwaita vichaa, wengine kwa kucheka na wengine si kwa kucheka. Kamali alikuwa seremala. Ujanani, huko Bukavu walikokulia wote wawili kabla ya kurudi Rwanda, alitunza mashua ya mzungu mmoja mpenda ziwa, na mzungu yule ndiye aliyemfundisha kuongoza chombo kwa tanga. Kazi ile iliisha, mzungu akaenda kwao, lakini Kamali alibaki na ugonjwa wa tanga. Miaka mingi baadaye alikuta mashua kuukuu imelazwa chini ya mikaratusi pembeni mwa Kamembe, kuku wanataga mayai ndani yake. Akaomba apewe. Akabadilisha mbao, akachonga mlingoti, akaweka kijumba kidogo cha kulala katikati. Mukandori alishona tanga kwa mkono wake, vipande kwa vipande, akilalamika sindano zinavyovunjika. Ubavuni Kamali akaandika kwa rangi nyekundu: BADO TUKO.

Wakawa watu wa visiwa. Leo Gihaya, wiki ijayo Nkombo, mwezi mwingine juu kabisa upande wa Nyamasheke, kwenye visiwa vidogo vyenye nyumba chache, migomba na miparachichi, ambako fundi hafiki. Mukandori alishona sare za shule na mavazi ya kwaya, Kamali akatengeneza milango, viti, makasia na mitumbwi iliyopasuka. Wakiona kazi imekwisha, wanang'oa nanga. Kulikuwa na asubuhi ambazo maji yanalala kama kioo, ndege weupe wamejipanga kwenye mawe, na harufu ya sambaza, dagaa wa Kivu, wakianikwa inakuja mpaka kitandani. Asubuhi hizo Mukandori alikubali moyoni kwamba mumewe hakuwa kichaa.

Lakini hakuwahi kulizoea ziwa. Alikulia kwenye mlima wa Kadutu, kule Bukavu, akiliona Kivu kwa mbali kama picha. Kuogelea hakujua. Kila tanga lilipopandishwa alishika ukingo wa mashua, na kitu pekee kilichomfanya auachie ni kumtazama Kamali usukanini, namna alivyoona kila kitu kabla ya watu wengine: jiwe chini ya maji, mabadiliko ya upepo, wavu uliotegwa. Alipanda mashua ile kwa kuyaamini macho ya mwanaume mmoja.

Sasa macho hayo hayakuliona pirogi zima.

Siku zilizofuata alianza kumchunguza, na kila alichokiona kilimwongezea hofu. Kamba zote za tanga zilikuwa zimehamishiwa upande wa kulia. Lini zilihamishwa, hakujua. Pale Nkombo, Kamali aliingia kwa watu na bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango aliokuwa ameupachika yeye mwenyewe. Jioni moja Mukandori alimpelekea chai, akasimama kushoto kwake kimya, kikombe kimefika karibu na sikio. Kamali aliendelea kunoa msumeno. Mvuke wa chai ulipomgusa shavu ndipo aligeuka, tena kwa haraka, akatabasamu.

"Ah, Maman Nishimwe. Nilikuwa mu mawazo."

"Mawazo gani?"

"Ya kazi tu."

Angeweza kumwuliza hapo hapo. Swali lilifika hadi kwenye meno. Lakini alijua kwamba likishatamkwa litataka jibu, na jibu lingekuja na mambo mengine nyuma yake: mashua, riziki, uzee, wao wawili waende wapi. Akameza. Badala yake, walipong'oa nanga kesho yake, alichukua kiti chake kidogo akakiweka upande wa kushoto, karibu na mlingoti.

"Leo unakaa kule?" Kamali aliuliza.

"Huku kuna kivuli."

Hapakuwa na kivuli. Kamali akakaza kamba ya tanga. Baada ya kitambo, kama mtu anayepiga soga, akauliza, "Na huko kwako mambo iko namna gani?"

"Pirogi mbili, ziko mbali. Na mti unaelea."

"Mti mkubwa?"

"Wa kutosha."

Akageuza usukani kidogo. Hivyo ndivyo walivyosafiri kuanzia siku hiyo, yeye akisimulia kushoto kana kwamba ni maongezi ya kupitisha wakati, Kamali akijibu kana kwamba anasikiliza tu kwa adabu. Watu waliowapita walidhani wanaona mume na mke wanaopendana, wakipiga hadithi. Mukandori alikuwa hapepesi macho. Usiku aliota maji.

Mvua za mwezi wa nne ziliwakuta kwenye kisiwa kimoja kidogo cha upande wa Nyamasheke, kwa mama mjane aitwaye Marguerite, aliyewapa kazi ya kushona mavazi ya wanakwaya. Huko ndiko homa ilimwangusha Mukandori. Ilianza kwa baridi ya mgongoni, akajifunika vitenge vyote. Usiku akatoa jasho mpaka godoro likalowa. Kamali alimpa vidonge vya homa walivyokuwa navyo. Vikarudi pamoja na maji aliyomezea. Kulipokucha alikuwa akizungumza na marehemu mama yake kuhusu bei ya maharage, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Kamali alipomshika paji la uso aliondoa mkono haraka.

Marguerite alipanda mashuani, akamtazama, akamkanda kwa kitambaa cha maji. "Papa," akamwambia Kamali, "huyu muntu asilale hapa tena. Mumupeleke hospitali leo."

"Mitumbwi ya motere iko wapi?"

"Yote imeenda soko, ngʼambo. Hawarudi mbele ya usiku. Na ile barabara ya kule, na hii mvua, pikipiki haipandi."

Simu ya Kamali ilikuwa imezimika. Siku zote zile jua halikutoka la kuichaji kwa paneli yao ndogo. Alisimama akatazama ziwa. Upepo ulikuwa wa kaskazini, mkali, unaelekea hasa kule anakotaka kwenda. Kwa mtu mwenye tanga hiyo ilikuwa njia ya kufika Kamembe kabla ya giza. Marguerite, aliyesimulia hayo baadaye, alisema mzee yule alikaa amesimama muda mrefu, akipangusa jicho moja na kisha jingine kwa kiganja, ndipo akafungua kamba.

Mukandori aliamka katika giza la kijumba, amelala kwenye godoro, mawimbi yanapiga mbao karibu na sikio lake. Ilimchukua muda kuelewa. Mashua ilikuwa inakwenda, tena inakwenda kwa kasi. Kila kitu kilichoning'inia kilikuwa kimelalia upande. Mvua ilikuwa juu ya paa. Halafu wazo moja likapenya katikati ya homa, likiwa safi kama sindano: kushoto hakuna mtu.

Aliinuka kwa viwiko. Kichwa kikazunguka, akatapika kwenye beseni, akainuka tena. Ndipo alipomsikia Kamali akiita kutoka usukanini, na sauti yake hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Maman Nishimwe! Uko macho?"

"Niko."

"Unaweza kutoka? Kidogo tu?"

Alitambaa hadi mlangoni. Mvua ikamchapa usoni, na baridi yake ikawa tamu kwa dakika moja kisha ikawa mateso. Kamali alikuwa amesimama, miguu imepanuliwa, mikono yote miwili kwenye usukani, maji yanamtiririka. Alikuwa anageuza kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama kuku.

"Mimi kushoto sioni," akasema. Hakumtazama. "Tangu mwaka uliopita. Jicho hii imekufa polepole, haikuuma hata siku moja. Ningekuambia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua huoni. Ju ya nini unafikiri nakaaka kushoto? Kivuli?"

Kamali akakaza mikono kwenye usukani. Wimbi lilipanda nyuma yao, likaibeba mashua, likaishusha.

"Basi kaa," akasema. "Tafazali. Tuko karibu na kuingia katikati ya Nkombo na nchi kavu, na saa hii wavuvi wanatoka."

Alijifunga kwa kitenge kwenye mlingoti, mafundo mawili, kwa kuwa hakuiamini miguu yake. Ukungu wa mvua ulikuwa umeficha milima yote ya upande wa Rwanda. Palibaki ukuta wa kijivu unaosogea. Akakodoa macho.

"Kuna nyumba," akasema.

"Nyumba? Wapi?"

"Nyumba nyeupe. Juu ya maji."

Kamali akakaza usukani, mashua ikayumba. Mukandori akapepesa macho na nyumba haikuwepo.  Baadaye kidogo akaona ng'ombe, amesimama ziwani, pembe ndefu, anamtazama. Safari hii alisita, lakini hofu ya kunyamaza ikawa kubwa kuliko hofu ya kuchekwa.

"Kuna ng'ombe."

Kamali alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ng'ombe haikae pa ziwa, mke wangu."

"Najua haikae! Lakini naiona!"

Kila mmoja alielewa walivyokuwa: mmoja haoni vilivyopo, mwingine anaona visivyokuwepo, na mashua inakimbia. Mukandori alitaka kulia. Mama yake alikuwa amekaa pale mbele, amempa mgongo, anachambua maharage kwenye ungo, na hata yeye mvua haikumlowesha.

Hapo ndipo alipotambua kitu. Mashua yao ilikuwa inapanda na kushuka, mawimbi yanapanda na kushuka, lakini ungo wa mama yake ulikuwa umetulia kama uko mezani. Ng'ombe pia alikuwa amesimama tuli. Vile vya homa havikubebwa na maji. Akashika mlingoti kwa mikono miwili, akajiambia: usitangaze kinachosimama. Ngoja kinachopanda.

Akangoja. Meno yalikuwa yanagongana. Kijivu, kijivu, kijivu. Kisha ndani ya kijivu kitu chembamba na cheusi kikainuka, kirefu, kimeinama mbele kama fimbo ya kuvulia. Kikashuka. Kikainuka tena, na pembeni yake kingine.

"Fito," akasema. "Fito ndefu. Mbele, kushoto."

"Ni kama ng'ombe?"

"Zinapanda na kushuka! Papa Nishimwe, zinapanda na kushuka! Ni wavuvi!"

Alijua kwamba mumewe hana sababu ya kumwamini. Alimwona akigeuza kichwa mpaka shingo ikakaza, akitafuta kwa lile jicho moja, na usoni mwake palikuwa na woga mtupu. Kukata kona ghafla na upepo uko mgongoni ni kama kuiomba mashua ipinduke, na mkewe amefungwa mlingotini. Halafu Kamali akafumba macho yote mawili. Akausukuma usukani.

Mti wa chini wa tanga ulipita juu ya kichwa cha Mukandori kwa mlio wa kutisha, mashua ikalala hadi maji yakaingia, na mitumbwi mitatu ya wavuvi wa sambaza, iliyofungwa pamoja kwa magogo kama desturi yao, ikatokea mbele yake kubwa kama uwanja. Watu walikuwa wanapiga mayowe. Mmoja alijirusha ziwani. BADO TUKO ilipita ubavuni mwao, karatasi isingepita katikati, lakini mojawapo ya fito za nyavu ilinasa tanga juu kabisa na kulipasua hadi chini, kwa sauti ambayo Mukandori, aliyelishona, aliisikia tumboni. Kisha kila kitu kikasimama. Mashua ilibaki inaelea bila nguvu, matambara yanapepea.

Kiongozi wa wavuvi wale alikuwa mwanaume wa Nkombo aitwaye Ndizeye. Alikuja kwa kasia na matusi mdomoni, na matusi mengine alikuwa ameshayatoa, alipomwona mwanamke aliyefungwa kitenge kwenye mlingoti, midomo imepauka, anatetemeka.

"Huyu iko na nini?"

"Malaria," alisema Kamali. "Na miye siko na macho. Tusaidie, kaka."

Ndizeye aliangalia tanga, akaangalia wenzake. Yule aliyejirusha alikuwa ameshapanda tena, anakohoa. Akatema mate majini. "Leta kamba," akasema.

Walivutwa hadi Kamembe kwa motere, injini ya wavuvi wale, waliopoteza uvuvi wa usiku mzima kwa ajili yao. Mukandori hakukumbuka mengi ya safari hiyo. Alikumbuka mkono wa Kamali uliomshika kifundo cha mguu njia nzima, kama mtu anayeogopa kitu kitapeperuka.

Hospitalini alitundikiwa dripu, akalala, akaamka na kukuta Nishimwe amekaa kitandani kwake, mtoto mgongoni, macho mekundu. Binti alikuwa ameshuka kutoka Mururu kwa pikipiki aliposikia habari kwa watu.

"Munaishi kama batoto!" Nishimwe alisema, akilia na kugomba kwa pamoja. "Mungekufa! Papa, wewe ulikuwa unafikiri nini?"

Kamali, aliyekaa kwenye benchi, alisimama. Mukandori alimtazama, akimngoja atafute uongo mwingine, jua au mawazo ya kazi. Hakuutafuta. Alimweleza binti yake yote: namna jicho lilivyoanza kupungua pembeni, namna alivyoaga siku moja kwamba anakwenda kununua misumari na badala yake akaenda kwa daktari wa macho, akaambiwa ni presha ya macho na kupewa dawa ya matone. Alitumia ile chupa hadi ikaisha. Hakurudi.

"Ju ya nini hukurudi?" Nishimwe aliuliza.

"Haikuwa inauma," alisema Kamali. Kisha, taratibu: "Na niliogopa ataniambia nitoke ku mayi."

Walimpeleka kwa daktari wiki hiyo hiyo. Jicho la kushoto halikuwa la kurudi. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuliwa pembeni, lakini matone ya kila siku, maisha yote, yangeweza kulishikilia. Daktari hakuahidi. Kamali alisikiliza, kofia magotini, akauliza swali moja tu: kama ataweza kuendelea kupiga msumari. Akaambiwa ataweza.

Walikaa Mururu kwa Nishimwe hadi mvua zikaisha, kiangazi kikaingia. Nyumba ilikuwa nzuri, chumba chao kina dirisha, na ardhi ilikaa mahali pake. Mukandori alinenepa kidogo. Usiku alilala bila kuota maji, na mchana alijiambia kwamba hii ndiyo aliyokuwa akiitaka siku zote. Kamali alitengeneza meza, akatengeneza banda la mbuzi, akakaa upande wa nyumba ambao ziwa linaonekana, amegeuza uso ili lile jicho zuri lilifikie. Hakulalamika hata mara moja. Kila asubuhi Mukandori alimtia dawa mwenyewe, akimfungua kope kwa vidole, akihesabu matone kwa sauti, kwa kuwa hakumwamini tena kwa jambo hilo na alimwambia hivyo wazi.

Siku moja alikuja mtu aitwaye Théoneste, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Aliketi, akanywa soda, akasema amefurahi sana kwamba mzee amekubali kuuza; mashua ataipaka rangi na kuwapandisha watalii.

Mukandori aliweka chini sahani aliyokuwa ameshika. "Amekubali lini?"

Kamali akatazama miguu yake.

Mukandori alingoja mgeni aondoke, kwa heshima. Kisha akasimama mbele ya mumewe, upande wa kulia, mahali ambapo lazima amwone.

"Ulificha macho yako peke yako. Sasa unauza nyumba yetu peke yako?"

"Nafanya ju yako. Wewe unaogopa mayi. Ulikuwaka unaogopa, siku zote, unafikiri sikuona? Hiyo niliona muzuri."

"Na uliniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Nilikaribia kukuua."

"Uliniuliza?" Sauti yake ilipanda hata Nishimwe akachungulia mlangoni na kurudi. "Miezi yote ile nimekuwa macho yako, bila wewe kuniomba, bila mimi kukuambia. Tulikuwa wajinga wawili ndani ya mashua moja. Siuzi. Kama ni kuuza, tutakaa tuongee tuuze wote. Lakini hivi, hapana."

Alishangaa kusikia maneno yake mwenyewe. Hata alipolala alikuwa bado anayashangaa, na hofu ikarudi pale pale ilipokuwa inakaa, chini ya mbavu. Lakini kesho yake alishuka kwenda ziwani na kitenge cha zamani, akawaambia akina mama waliokuwa wanafua pale ufukoni wamfundishe kuogelea. Walicheka hadi wakakaa chini. Mwanamke wa umri ule, bibi mwenye mjukuu! Kisha wakamshika kiunoni, wakamlaza juu ya maji, na alikunywa ziwa la kutosha wiki ile kabla hajaweza kuelea mwenyewe kama gogo. Kuelea tu. Zaidi ya hapo hakuendelea sana.

Mashua haikuuzwa, na usukani alifundishwa na Kamali mwenyewe. Alishona tanga upya, wakashusha mashua majini, wakazunguka karibu karibu na Kamembe siku ambazo upepo umelala. Kamali alikaa mbele yake na kumwambia, "Usinitazame miye. Sikia upepo ku shingo." Alikosea. Alipandisha mashua juu ya mchanga mbele ya watu. Aligombana na Kamali hadi siku moja akakataa kuzungumza naye mpaka jioni. Wakaweka masharti yao: hakuna safari bila jua la kuichaji simu, hakuna safari mawingu yakiwa kaskazini, na hakuna mtu kunyamaza.

Mwishoni mwa kiangazi wakaanza safari ya kweli ya kwanza, kwenda Nkombo, ambako watoto walisubiri sare za kufungulia shule. Mukandori usukanini, Kamali mlingotini. Walipofika katikati ya maji, Mukandori alikuwa ameloa jasho kama mtu anayelima.

"Kumbe nilifikiri muntu wa usukani haogopi," alisema. "Wewe ulikuwaka na woga?"

"Kila siku."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungepanda?"

Alifikiri. "Hapana."

Upepo ukabadilika. Aliusikia shingoni kabla ya kuuona, baridi kidogo, kutoka upande ambao hakuutarajia, na mbele yao maji yakaanza kufanya vichwa vyeupe. Nkombo ilionekana wazi, hata paa za nyumba.

"Inapanda," alisema kwa sauti. "Mawimbi inapanda. Tufanye nini?"

Kamali aligeuka akamtazama kwa lile jicho lake. Alikuwa na jibu, Mukandori aliliona likitaka kutoka. Akalizuia. "Wewe ndiyo uko na usukani."

Alitazama Nkombo, akatazama vichwa vyeupe. Kamali wa zamani angekwenda, na huenda wangefika. Mukandori akausukuma usukani, mashua ikageuka polepole, tanga likapigapiga kisha likashika, wakaingia kwenye ghuba ya Gihaya, nyuma ya kilima, ambako maji yalikuwa yametulia. Kamali akatupa nanga. Akampigia simu mwalimu wa Nkombo, akamwambia sare zitafika kesho, au kesho kutwa, itategemea.

Wakala viazi vitamu vya baridi, wamekaa bega kwa bega. Huko nje ya ghuba ziwa lilikuwa limechafuka kabisa sasa, na mitumbwi ilikuwa inakimbilia nchi kavu. Kamali alisinzia. Mukandori hakusinzia. Alikaa mchana kutwa akiitazama kamba ya nanga, akiangalia kama inashika, na kila mara alipoona inakaza na kulegea, alimwambia mumewe, hata kama amelala, kwamba bado inashika.